Mfuko wa Askari na Aliyeushona

Fundi wa nguo kuukuu pale makumbusho ya Richmond hupuliza viganja vyake mpaka vipate joto ndipo aguse kitu. Velma, anayefagia chumba hicho, hufagia taratibu ili amtazame. Siku hiyo mezani palikuwa na mfuko wa chakula wa askari aliyepigania majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, enzi za utumwa, wa turubai, bitana yake kipande cha gauni la maua. Kibao kilimtaja askari kwa jina. Aliyeushona kilimwita mtumwa wa nyumbani, basi. Fundi alipapasa mshono, akacheka kidogo. "Kumbe na wewe ni mashoto, mwenzangu."

"Mama, leo unaongea na mifuko?" Velma akamuuliza.

"Tazama nyuzi zilivyolala, mwanangu. Zangu hulala hivyo hivyo."

Akashika kalamu kwa mkono wake wa kushoto, akaongeza maneno chini kwenye kibao: Alishona kwa mkono wa kushoto.