Stesheni ya Nanyala

Mvua zilizopita niliona jambo pale Nanyala. Barabara ilikuwa uji mtupu, na malori tisa yalikuwa yamekwama nyuma ya gari dogo la Mzungu mpima reli, lililozama katikati ya njia. Sisi abiria wa malori tulishuka tukalisukuma. Mwenyewe alikaa kwenye usukani akitutia moyo.

"Sukumeni! Treni ikija, shida hii itakwisha."

Mama mmoja mkulima wa kahawa, aliyekuwa akisukuma kwa bega, akauliza, "Itasimama hapa Nanyala, bwana?"

"Hapana, mama. Itapita tu."

Mama akaondoa bega lake, akajifuta tope mikononi. "Jamani, tupumzike kidogo."

Sote tukaacha. Gari likarudi nyuma, likazama zaidi.

Mzungu akakunjua ramani yake ya reli magotini, akatia nukta kwa penseli penye Nanyala. Mama akachungulia dirishani.

"Ongeza, bwana. Hapo magunia yangu hayataenea."

Akaongeza. Tukasukuma, gari likatoka, malori yakapita.

Reli yenyewe bado hatujaiona, lakini msitudharau: stesheni tunayo, tena kubwa.