Leseni Niliyoilipia Mara Mbili

Nilijifunza kuendesha pikipiki mteremkoni, na mteremko ndio ulioniangusha. Nyumbani kwetu ni juu kidogo ya Nkubu, mahali ambapo barabara haijui kwenda sawa: ama unapanda ama unashuka. Mtu wa huku akifika juu huzima injini, akaiacha pikipiki iteremke yenyewe mpaka mtoni, kisha akaiwasha tena kupanda ng'ambo. Mafuta ni ghali na mteremko ni wa bure. Mume wangu alinifundisha hivyo kwa pikipiki yake, naye alifundishwa hivyo na kaka yake, na sijawahi kumsikia mtu wa kwetu akiuliza kama ni makosa.

Mwaka huo chama chetu cha ushirika cha maziwa kilikuwa kinatafuta mtu wa kukusanya mitungi vijijini na kuipeleka kwenye kituo cha kupozea. Nilikuwa mwanachama, maziwa ya ng'ombe wangu yalipita hapo kila asubuhi. Nikamwendea mwenyekiti nikamwambia kazi hiyo naiweza. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Mama, sijasema huwezi," akasema. "Lakini leta leseni. Hawa watu wa insurance hawataki mchezo. Ukileta tu, kazi ni yako."

Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimechoka kuomba pesa ya chumvi katika nyumba ambayo shamba lake nalilima mimi. Ushirika ulilipa kila mwisho wa mwezi, na malipo yangekuja kwa jina langu. Mume wangu alikubali pikipiki itumike. Alikubali huku akicheka, lakini alikubali.

Mafunzo nilifanyia Nkubu. Mtihani ulikuwa Embu, kwa sababu wa Meru ulikuwa unaahirishwa kila mara na shule ya udereva ikatuambia Embu kuna nafasi. Tulijipanga kwenye kiwanja chenye mwinamo, wanaume watupu na mimi. Nilizunguka alama ya nane iliyochorwa chini bila kuweka mguu ardhini. Nilipita katikati ya koni bila kuangusha hata moja, na vijana kadhaa waliotangulia walikuwa wameziangusha. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana: kuteremka mwinamo ule na kusimama kwenye mstari mweupe.

Mkono wangu ukaenda kwenye ufunguo. Sikuutuma. Pikipiki ikashuka kimya, taratibu, nikafunga breki, gurudumu la mbele likatua juu ya mstari kabisa. Nilikuwa natabasamu, kusema kweli.

"Mama, engine imezima," mtahini akasema.

"Haijazimika. Nimeizima."

"Umeizima? Kwa nini?"

"Si ni mteremko?"

Wanaume walicheka mpaka mmoja akachuchumaa. Mtahini hakucheka. Aliandika kitu, akaniambia, "Utarudi," akamwita anayefuata.

Kurudi! Nilidhani kurudi ni kurudi tu, niende siku nyingine nishuke kale kamwinamo na injini ikinguruma, basi. Wapi. Ada ya mtihani ililipwa upya. Pikipiki ya shule ya kufanyia mtihani ilikodiwa upya. Nauli ya Embu, kwenda na kurudi, upya. Na shule ikasema haiwezi kunipangia tarehe mpaka nilipie masomo mengine ya kurekebisha.

"Si mimi, mama," mwalimu alinijibu nilipopandisha sauti. "Ni system."

Mume wangu alisema pesa ya kwanza imeshaenda na haoni kwa nini ya pili iifuate. Kwa hiyo nilikata ndizi zangu. Hazikuwa zimejaa, zilihitaji wiki kadhaa zaidi, na dalali wa soko la Nkubu alijua hivyo kabla sijatua mkungu wa kwanza. Alivibonyeza vidole vya ndizi kimoja kimoja, akataja bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu bado inaniuma. Nikachukua. Nikaenda kulipia masomo, na nilichofundishwa ni kutogusa ufunguo. Asubuhi kadhaa, kwa pesa nzuri, nilifundishwa kutofanya kitu.

Jambo lililonitia hofu zaidi ni kazi yenyewe. Maziwa hayangoji mtu, na mwenyekiti alikuwa ameanza kuulizia. Hapo ndipo mume wangu alipojitolea.

"Wacha nikushikie hiyo kazi mpaka upite," akasema.

Nilimshukuru. Jioni ile nilimpikia kuku, mimi mjinga.

Mara ya pili mtahini alikuwa mwingine. Alikuwa akiongea na simu, na sidhani aliniona nikishuka. Nilipita. Leseni ilipotoka niliifunga kwa leso nikaenda nayo moja kwa moja kwa mwenyekiti.

Aliigeuza mbele na nyuma. "Ni poa, mama. Pongezi. Lakini unajua mzee wako ameshazoea hiyo route, na wakulima wamemzoea. Na si hiyo pesa inaingia tu nyumba moja?"

"Na yeye leseni yake iko wapi?"

"Aah, huyo tunamjua."

Hakuna aliyemdai mume wangu leseni. Si mwenyekiti, si insurance, si wale wanawake wenzangu waliompa mitungi yao asubuhi wakimwita baba. Hajawahi kukaa darasani siku hata moja, wala kuzungushwa koni. Nilipomkabili nyumbani hakuacha kula.

"Unataka watu wakuone barabarani na mitungi, waseme mimi nimeshindwa?"

Nilimwambia alishindwa zamani. Malipo ya mwezi yakaja, kwa jina lake.

Basi asubuhi moja nikiwa kwa ng'ombe, simu ikalia. Polisi walikuwa wamemsimamisha kwenye barabara ya Embu, chini kidogo ya soko. Aliongea Kimeru, haraka na kwa sauti ya chini: nije na leseni yangu, amewaambia mwendeshaji ni mimi, kwamba nimeingia boma la watu kuchukua mtungi. Ningeweza kumwacha hapo. Lakini maziwa yaliyokuwa kwenye ile mitungi yalikuwa pia yangu na ya majirani, na pikipiki ingelala kituoni. Nikateremka mbio, gambuti zimejaa samadi.

Polisi alilinganisha picha na uso wangu.

"Kwani wewe ndiye rider?"

"Ni mimi."

"Na huyu?"

"Ananisaidia kubeba."

Alicheka, akanirudishia leseni, akanionyesha barabara. Nikapanda mbele. Mume wangu akapanda nyuma, akajibana katikati ya mitungi. Sikuwahi kuendesha na mzigo ule, na bado pikipiki ilinitii. Niliwapita wanawake wawili wa kanisani kwetu wakasimama kuniangalia, nikawapigia honi. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu haikumaliza kona mbili.

Polisi walipopotea nyuma yetu, akanigusa bega.

"Haya, simama. Shuka, maziwa yanachelewa."

Nikasimama. Nikashuka. Akasogea mbele, akashika usukani, akageuka kidogo kuniangalia nikiwa nimesimama kwenye vumbi.

"Na hiyo simu usikae nayo bila chaji," akasema. "Hawa watu wanaweza kunisimamisha tena."