Mwalimu Alivyohamia Uganda Bila Kuvuka Mto

Dukani Lwakhakha, hatua chache kabla ya mto ulio mpaka wa Kenya na Uganda, nilimkuta mwalimu mmoja wa kwetu Bungoma akimcheka mama wa Uganda aliyekuja kununua sabuni. Redio ilikuwa imetangaza kwamba wazungu wameisamehe Uganda madeni, Kenya imeachwa.

"Nyinyi mumesamehewa kwa sababu ya umaskini, mama," mwalimu alisema, akikaza tai. "Sisi walikataa kutusamehe. Ati uchumi wetu uko na nguvu, tunaweza kulipa. Si hiyo ni heshima?"

"Ni heshima, sebo," mama alijibu, akimwita bwana kwa Kiganda, huku akifungua fundo la leso na kulipia sabuni yake papo hapo. "Basi lipeni."

 Mwenye duka alitoa daftari la wakopaji chini ya kaunta, akalamba kidole, akafungua ukurasa wa mwalimu, kisha wa pili, kisha wa tatu.

"Mwalimu, si umesema uchumi uko na nguvu? Tulipane leo."

Mwalimu alitazama ng'ambo ya mto, akalegeza tai.

"Bana, mimi niandike tu upande wa Uganda."

Tangu siku hiyo, mkubwa akisimama kusifu uchumi wetu, mimi humwangalia tai.