Alichosema Atuganile Kitandani

Kabla mradi wa chanjo haujampa Atuganile baiskeli, hapa Msasani, mtaa wetu wa Tukuyu, tulikuwa hatujawahi kumwona mwanamke wa makamo akiendesha. Huo ulikuwa mwaka 1991. Alijifunza jioni kwenye uwanja wa shule, kanga ameikaza kiunoni juu ya sketi, na kila alipoanguka, wanaume waliokaa nje ya duka walicheka mpaka wakashika mbavu. Wiki ya tatu hakukuwa tena na cha kuchekwa. Atuganile alikuwa haanguki.

Kila Jumanne na Alhamisi alifunga kasha la barafu kwenye keria, akateremka barabara ya Kyela kwenda kuchanja watoto wa vijiji vya chini. Kinamama wa huko waliijua kengele yake. Wakiisikia, walitoka migombani na watoto mgongoni, wakimwamkia kwa Kinyakyusa, na yeye akiwajibu huku bado yuko juu ya baiskeli.

Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Alikuwa na Benson, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemchukua akiwa na miaka minne. Alimfundisha kuandika kwenye meza ya jikoni kabla hajaanza shule, kwa hiyo mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wenzake wote. Alipomaliza darasa la saba akakaa nyumbani, akakua, naye Atuganile, mama yake mdogo, akampeleka Mbeya kusomea udereva. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Magari yaliyotumika Japani yalianza kuonekana Tukuyu, na mtu uliyemjua juzi akiuza chumvi kwa kijiko, leo anaitwa tajiri. Mmoja wa matajiri hao, mzee Lazaro, alinunua Hilux ya kukusanyia ndizi na kumkabidhi Benson funguo. Siku hiyo Atuganile alichinja kuku.

Alhamisi moja ya Aprili 1993, asubuhi, mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yetu. Atuganile alikuwa akiteremka polepole upande wake wa kushoto, karibu kabisa na mtaro. Trekta lililobeba majani ya chai lilikuwa linapanda. Kwenye kona, gari likachomoka nyuma ya trekta, likalipita, likaja upande wake. Aliona taa. Hakuona kingine.

Alipozinduka alikuwa mtaroni. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi, na vichupa vya chanjo vilikuwa vimetapakaa kwenye lami. Trekta lilikuwa limeshakwenda zake. Mtu mmoja alikuwa amemwinamia, maji yakimchuruzika usoni.

"Mama mdogo! Ni mimi. Nimekuua, mama mdogo!"

"Sijafa," Atuganile akasema. "Mguu."

"Kosa ni langu. Nililipita trekta kwenye kona. Sikukuona."

Benson alimbeba, akamlaza juu ya majani ya migomba nyuma ya gari, akamfikisha hospitali Makandana, njia nzima akilia. Mganga akasema mfupa wa muundi umevunjika sehemu mbili.

Jioni Benson alirudi. Wodi ilikuwa imejaa wagonjwa, lakini yeye alipiga magoti chini hapo hapo, akamshika mkono.

"Kesho trafiki atakuja kukuhoji. Ukimwambia nilikuwa upande wako, nakwenda ndani, na gari atapewa mtu mwingine. Mwambie hukuona. Mimi mwenyewe nitakwenda kueleza kwamba ni mvua tu, hakuna mwenye kosa."

"Na kazini watanielewaje mimi?"

"Mvua, mama mdogo. Nani anaweza kuilaumu mvua? Naapa kwa kaburi la mama."

Atuganile alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwa amewahi kumdanganya mtu wa serikali. Usiku ule maumivu yalimnyima usingizi, lakini alituambia baadaye kwamba hakuwa akiufikiria mguu. Alimfikiria Benson akiwa na miaka minne, siku ya mazishi ya mama yake, akiuliza chakula kitapikwa na nani.

Trafiki alikuja na faili. Alikuwa kijana mpole.

"Gari lilikuwa upande gani, mama?"

"Mvua ilikuwa kubwa. Sikuona."

"Na wewe ulikuwa upande gani?"

"Sikumbuki."

Akaandika, akamsomea, akampa kalamu. Atuganile akatia sahihi.

Alilala pale miezi miwili. Wiki ya kwanza Benson alileta uji kila siku. Kisha akawa anakuja Jumapili. Kisha akawa anatuma salamu.

Aliporudi nyumbani na magongo yake alikuta barua kutoka ofisini. Ilisema kwamba, kwa mujibu wa taarifa ya polisi, alishindwa kuimudu baiskeli akaingia katikati ya barabara mbele ya gari. Basi aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua kwa uzembe ulioharibu baiskeli, kasha na chanjo za serikali. Aliisoma mara mbili. Trekta lilikwenda zake, waliobaki barabarani walikuwa watu wawili tu, na yeye hakusema hivyo.

Akajikongoja hadi ofisini. Karani wa pale, Hellen, alimheshimu sana. Watoto wake wote walichanjwa na Atuganile. Alifunga mlango, akatoa nakala ya maelezo ya dereva yaliyotoka polisi, akamwekea mezani. Atuganile hakuhitaji kuangalia jina. Aliutambua mwandiko.

"Mwanamke huyo alikuwa anayumba," Benson aliandika. "Nilipiga honi lakini hakusikia. Mimi nilikuwa upande wangu."

"Mwanamke huyo," Atuganile alisema taratibu.

"Dada, angalia na hapa," Hellen akamwonyesha kwa kidole. "Tarehe ni ile ile ya ajali. Saa sita mchana."

Saa sita mchana. Yaani jioni ile, alipokuwa amepiga magoti wodini akiapa kwa kaburi, maelezo yake yalikuwa yameshafunguliwa faili.

Alimkuta Benson mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, anafunga kamba kwenye shehena ya ndizi.

"Ulikuwa umeshaandika kabla hujaja kwangu."

Benson aliendelea kukaza kamba. "Mzee Lazaro alinipeleka moja kwa moja. Alisema kosa likiwa letu, mimi sina kazi."

"Basi ungeniambia! Ungesema, mama mdogo, nimeshakuuza, nyamaza tu."

"Lakini wewe mwenyewe ulisema hukuona. Imo kwenye faili, umetia sahihi. Sasa mimi nifanye nini?"

Atuganile alituambia kwamba pale ndipo mguu ulipomuuma kuliko siku ulipovunjika.

Kaka yake, Anania, aliitisha kikao cha ukoo. Akasema mama hamshtaki mwanawe.

"Simshtaki. Nataka aende ofisini aseme alikuwa wapi."

"Ukweli utakunyoosha mguu?"

"Utaninyoosha jina."

Walitazamana, wakamwomba ayaache. Benson ndiye aliyekuwa akiwaletea chumvi na sabuni kwa gari la tajiri. Hakuna aliyelisema hilo, lakini hakuna aliyekuwa halijui.

Atuganile aliandika maelezo mapya, safari hii ya kweli, akayapeleka polisi na ofisini. Yule trafiki alimsikiliza hadi mwisho, akaweka karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya. "Mama, tuamini ipi?" aliuliza, na hakuuliza kwa dharau. Mwaka uliofuata serikali ilipunguza wafanyakazi, na jina la Atuganile likawa miongoni mwa yale ya kwanza. Pale nje ya duka, wapo waliosema kwamba wao walijua tangu zamani: mwanamke na baiskeli wapi na wapi.

Alirudi kwenye migomba na kahawa yake. Kinamama wa vijiji vya chini walipanda mlima kumjulia hali, wakimletea maharage na magimbi, na wengine walimletea watoto wenye homa, ingawa hakuwa tena na dawa. Mguu uliunga vibaya, akabaki akichechemea.

Mwaka 1997 alikuwa akitoka sokoni, kikapu kichwani, mvua inaanza. Gari likapunguza mwendo, likasimama mbele yake. Benson alikuwa na gari lake mwenyewe sasa, na tumbo kidogo. Akafungua mlango wa abiria.

"Mama mdogo, panda, utalowa."

Atuganile alisimama. "Siku ile ulikuwa upande gani?"

Benson alitazama mbele na nyuma. Barabara ilikuwa tupu. "Wako," alisema kwa sauti ya chini. "Si unajua? Nilikuwa upande wako."

"Polisi ni pale juu. Nitapanda, twende wote ukaseme hivyo hivyo."

"Mambo ya zamani hayo, mama mdogo. Nani atayasikiliza?"

"Mimi."

Kifutio cha kioo kilikwenda na kurudi, kikaenda na kurudi. Kisha Benson alinyoosha mkono, akauvuta mlango, akaufunga.

Atuganile aliliangalia gari mpaka likapinda kona. Akatoka kwenye lami, akaweka kikapu sawa, akashika njia ya kukatiza shambani kwa watu, ile ya utelezi, kwenda nyumbani.