Jinsi Punda Anavyoinuka

Mume wangu aliwajua ng'ombe kuliko alivyowajua ndugu zake. Akiwa upande wa pili wa mbuga alikuambia yule ni dume la nani, mama yake alikuwa wa rangi gani, na kwa nini pembe moja imeinama. Mahari yangu ilipojadiliwa, walisema alizunguka zizini kwa baba yangu akiwakagua hata wale wasiomhusu. Nilimtania miaka mingi kwamba hata mimi alinitazama kwato kwanza.

Lakini punda ni mnyama asiyemjua. Kwao hawakuwahi kufuga punda, na asingekubali kukiri.

Tulimhitaji punda kwa sababu ya maji. Tulipohamishiwa kijijini, nyumba zilipangwa kwa mstari mzuri, shule ikawa karibu, duka la ushirika likawa karibu, lakini kisima kilibaki kule kwenye mahame yetu, tulikohamishwa. Bomba tuliloahidiwa lilikuwa bado linakuja. Nilikwenda na debe kichwani alfajiri, nikarudi jua limeshakuwa kali, na mwaka ule nilikuwa mjamzito. Shingo iliniuma mpaka nikawa nageuka mwili mzima nikiitwa. Niliogopa. Sikumwambia mtu kwamba naogopa, lakini usiku niliishika shingo nikajiuliza itanifikisha wapi.

Nilikuwa na mtamba mmoja, zawadi ya baba yangu, ili wajukuu wake wapate maziwa. Mume wangu hakuweza kumtoa bila kauli yangu. Nikatoa kauli: abadilishwe kwa punda. Nikaongeza kwamba nami nakwenda mnadani, nisije nikanunuliwa mbuzi kwenye gunia.

Pale mnadani Bariadi tulimkuta mzee mmoja aliyetoka upande wa Kimali na punda wake wawili. Mmoja alikuwa mkubwa, mnene, amesimama kama ameajiriwa. Wa pili alikuwa mdogo bado, jike la rangi ya majivu, miguu mirefu kuliko mwili, amelala vumbini.

"Mwadila, baba," mzee alisalimu.

"Mwadila. Huyu mbona amelala?" Mume wangu hakungoja jibu. Alimgusa mdogo kwa fimbo ubavuni.

Punda akanyoosha miguu ya mbele, akakaa kidogo kama mbwa, kisha akajisukuma na ya nyuma, akasimama. Mume wangu aliguna.

"Umeona? Huyu ni mgonjwa wa kiuno."

Ilibidi nimwelewe. Ng'ombe mzima huinua matako kwanza, magoti ya mbele yakiwa bado chini. Akianza na mbele, mwenye ng'ombe hana raha: mguu unauma au tumbo lina jambo. Mfugaji yeyote kwetu angesema vivyo hivyo.

"Ni mzima, baba," mzee alisema. "Ukimchukua huyu kwa mtamba wako, nakurudishia mbuzi wawili. Mkubwa, tunabadilishana kichwa kwa kichwa."

"Mbuzi wawili wa kununulia dawa yake!" Mume wangu akacheka, akahamia kwa mkubwa. Alimsifia tumbo, kwamba huyo anajua kula. Akamsifia rangi, maana mgongoni alikuwa na mabaka meupe mawili, moja kila upande. Dume lenye mabaka kama yale angelitungia wimbo. Tayari alikuwa anaifungua kamba ya mtamba wangu.

Mimi nilikuwa nimebaki na swali. Mtu anayelala hujulikana anavyoamka, sawa. Je, huyu mnene akilala anaamkaje? Nikamwuliza mzee kama anaweza kumlaza.

"Mayu, mama yangu, punda halazwi. Atalala akipenda."

Basi nikasimama pale kumngoja apende. Mume wangu alinikonyeza kwamba namwaibisha. Nikajifanya sikuona. Hatimaye mnyama alikunja miguu, akajitupa chini, akagaagaa vumbini kwa furaha zake. Alipotosheka, akanyoosha miguu ya mbele, akakaa kama mbwa, akainuka.

Mume wangu akaiachia kamba. Aligeuka kuwatazama punda wa wachuuzi wa chumvi waliokuwa wamepumzika nyuma yetu. Mmoja aliinuka, mbele kwanza. Mwingine, vivyo hivyo.

"Baba," mzee alisema taratibu, "hapa mnadani wote wagonjwa?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Nilimwonea huruma mume wangu, kweli, ila na mimi nilicheka.

Sasa hamu ya kujua ilikuwa imenishika. Nikapitisha mkono mgongoni mwa yule mnene. Chini ya mabaka meupe ngozi ilikuwa ngumu, haina ulaini wa sehemu nyingine. Nilipobonyeza, punda akajikunja. Nikarudi nyuma kumtazama kwa ubavu, nikaona mgongo umebonyea katikati. Na mabaka yalikuwa mahali palepale pande zote mbili, kama yamepimwa. Rangi ya kuzaliwa haipangiki hivyo.

"Haya ni makovu," nilisema. "Alibebeshwa akiwa mdogo."

"Wewe umejuaje?" mume wangu akauliza. Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua.

Sikupanga kufanya nilichofanya. Nilivua kitambaa, nikainamisha kichwa mbele yake, mchana kweupe, watu wakitazama. Katikati ya utosi, mahali pa ngata, nywele zilikuwa zimeisha. Palikuwa na kipara cha ukubwa wa kiganja, ngozi imekomaa.

Mtu aliyejua kila kovu la kila ng'ombe wake alikuwa hajawahi kuliona lile. Aliligusa kwa kidole kimoja, akakitoa haraka.

"Mnunueni mdogo," mzee alisema, naye sasa bila maneno ya biashara. "Mgongo wake umenyooka, kwato ngumu, anakanyaga sawa. Lakini msimbebeshe kitu mpaka mvua zije mara mbili. La sivyo mtapata kama huyu."

Mvua mara mbili! Machozi yalinijia. Nilikuwa nimekuja kutafuta wa kunitua mzigo, nikapata wa kumngojea. Lakini sikutaka mtamba wa baba yangu aende kwa mnyama atakayepiga magoti katikati ya njia. Nikatikisa kichwa kukubali.

Mume wangu alimkabidhi mzee kamba ya mtamba. Tukaondoka na mwanapunda na mbuzi wawili.

Alfajiri niliamka nikakuta debe halipo. Alikuwa amekata mti, akatengeneza mzega wa kubebea begani, akaazima debe la pili, akaenda kisimani mwenyewe. Alirudi wanawake wote wakiwa nje wanafagia. Mwanamume na madebe mawili yanayoning'inia begani, na pembeni yake punda asiyebeba hata unyoya. Walicheka mpaka fagio zikawaponyoka. Mmoja alimwuliza nani kamnunua nani.

Aliyatua madebe mlangoni. Nikamwambia akae kigodani, avue shati. Begani palikuwa pameanza kuvimba. Nikachota maji kidogo, nikamkanda, nikapatazama vizuri.

Siku iliyofuata alikwenda tena.