Amplifaya ya Enanga

Siku tulipomzika shangazi yangu kule Izigo, baba hakulia. Alisimama ukingoni mwa kaburi, ndani ya kibanja, katikati ya migomba, mikono nyuma, akiangalia udongo unavyoingia kama mtu anayesimamia vibarua. Watu waliona. Baadaye, tukiosha vyombo, nilimsikia mama mmoja wa jirani akimwambia mwenzake kwamba yule mzee ana moyo wa jiwe: dada aliyemlea anafukiwa, yeye hata kamasi hapengi. Hasira zangu ziko karibu, lakini msibani humrukii mtu. Nilimeza, nikaendelea kusugua sufuria.

Wasichokijua ni kwamba baba alitaka kuimba. Mama yao alipofariki, shangazi ndiye aliyembeba baba mgongoni, akamlisha, akamkuza. Ndiye pia aliyemtafutia enanga yake ya kwanza, ala yetu ile ya gogo lililochongwa kama sinia refu, lenye uzi mmoja unaozungushwa huku na huku hadi unakuwa nyuzi kadhaa. Walikuwa na ahadi yao: shangazi akitangulia, baba atamwimbia mbele ya ukoo wote. Lakini tangu augue koo, sauti ya baba imebaki nyembamba, na enanga yenyewe si ala ya kupiga kelele. Siku ya mazishi vijana walikodi muziki, maspika marefu kama milango. Walipomsogezea baba kipaza sauti, kikapiga mluzi, kisha spika zikaanza kunguruma zenyewe. Mtu akapaza sauti, "Mzee, ongeza!" Baba akaacha. Akaiegemeza enanga ukutani, akaenda kusimama kaburini.

Wageni walipopungua nilimpelekea chai. Hakuigusa.

"Mwana wange," akasema, "mimi bado sijamzika."

Siku ya kumaliza matanga ilipangwa iwe baada ya kuvuna kahawa, ili watoto wa shangazi walio mbali wapate kurudi. Nilimwambia baba kwamba siku hiyo ataimba, na watu watamsikia. Niliyasema kwa jeuri, sijui hata nilitegemea nini.

Kushona nguo ndiyo kazi yangu, hapa Kibeta. Kufungua redio ni ugonjwa wangu tangu utotoni. Nina ndoo mbili za redio zilizokufa, na mume wangu husema nikifa mimi atazizika pamoja nami ili apate nafasi ya kuweka kiti. Basi nikazimwaga zote sakafuni, nikaanza kuchambua.

Amplifaya ya kwanza niliijenga kwa akili ya huku kwetu. Huku kwetu msiba au harusi hupimwa kwa mngurumo. Jirani asipotikisika kifua, hukumheshimu mtu wako. Nikachagua transfoma nzito niliyoing'oa kwenye runinga ya zamani, kapasita kubwa kama vikombe, transista za nguvu zilizofungwa kwenye bati la kupoozea, na spika ya besi. Chini ya enanga nikapanga kubandika kisahani chembamba cha shaba kutoka kwenye kengele ya saa ya mezani. Kisahani kile, mti ukitetemeka, nacho hutoa umeme kidogo sana, na umeme huo ndio sauti. Nilipoijaribu, vikombe vililia kabatini. Nilifurahi sana, nikaibeba hadi Izigo nikiwa na roho juu.

Nikakibandika kisahani; baba aliketi, enanga mapajani, akaniambia niwashe. Nikawasha. Hakupiga. Alikaa tu, macho chini, vidole juu ya nyuzi, nami nikadhani nyuzi zimelegea.

"Nani anavuma humu ndani?" akauliza.

"Ni umeme tu, Tata. Ndivyo ulivyo."

"Basi ubaki huko nje."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba akianza kupiga, mvumo hautasikika. Akanitazama kwa upole ulionikera zaidi, akanieleza kitu ambacho nilikuwa nakisikia tangu utotoni bila kukijua. Mpigaji wa enanga akifika kwenye jina la marehemu hunyamaza. Anaziacha nyuzi zife zenyewe, na katika kimya kile kila mtu anamwona marehemu wake. "Ukikijaza kile kimya," akasema, "utakuwa umewanyima."

Nikarudi Kibeta na mzigo wangu, nimenuna njia nzima. Lakini maneno yake hayakuniacha. Nikaelewa kwamba nilikuwa nimechagua kila kifaa kwa nguvu yake, na hakuna hata kimoja nilichokichagua kwa ukimya wake.

Nikaanza upya. Transfoma nikaitupa pembeni, nikatumia betri ya pikipiki, kwa kuwa betri haivumi. Transista kubwa nikaziacha, nikachukua chipu ndogo ya redio ya gari. Besi nikairudisha kwenye ndoo, badala yake nikapata spika mbili za karatasi kutoka kwenye redio ya mbao ya zamani, zilizotengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayesoma habari. Kwa ajili ya koo la baba nikaongeza kipaza sauti kidogo. Mume wangu alipoziona aliniuliza kama nakwenda matangani au kuuza njugu.

Mvumo ukaisha. Ukabaki mchirizo mwembamba, kama mvua inayonyesha kwenye migomba ya mbali. Huo ulinitesa. Nilibadilisha rezista za zamani moja baada ya nyingine, nikafupisha nyaya, waya wa kutoka kwenye enanga nikauvika wavu wa shaba. Mwisho nikagundua kosa liko kwenye transista ya kwanza kabisa, inayoipokea sauti mlangoni. Niliyoinunua mjini ilikuwa feki. Sauti ndogo inayonong'onwa na transista ya mlangoni hukuzwa na zote zilizo nyuma yake, na ukikazana kurekebisha huko nyuma unapoteza muda wako. Nikang'oa nyingine kwenye redio ya marehemu babu, nikalehemu, nikaweka sikio kwenye spika. Nilidhani nimesahau kuwasha.

Nikaipeleka Izigo kwa baba. Alipiga uzi mmoja, akausubiri ufe, akatikisa kichwa taratibu kwa kukubali. Nikajificha jikoni, nikajifanya moshi unaniuma.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulijaa kibanja kizima. Nyumba ilitandikwa majani mapya, wazee wakapewa kahawa za kutafuna, vijana walikaa mbali, kule mwisho kwenye migomba. Sikumruhusu mtu mwingine kugusa amplifaya. Nilikaa chini kando yake, mkono karibu na swichi, nikimwomba Mungu asije mtu na muziki wa kukodi.

Baba akaanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba vilevile, sikuiongezea unene, lakini ilifika. Niliona vijana wa mwisho wakiacha simu zao. Aliimba jinsi shangazi alivyombeba akienda kuchota maji, mtoto mgongoni na mtungi kichwani. Aliimba jinsi alivyokuwa akimwachia ndizi laini, mwenyewe akila za kuungua. Kisha akafika kwenye jina lake, akalitaja, akaziacha nyuzi zife.

Kimya kikaja, kitupu, safi. Na ndani ya kimya kile kipaza sauti kikaleta pumzi yake. Ilikuwa ikikatika. Kisha ikaja sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu, kilio cha mtoto kutoka kifuani mwa mzee, kikitoka kwenye spika zangu mbili na kwenda hadi mwisho wa kibanja.

Mwanaume wa kwetu halii mbele za watu. Nikaona aibu yake kama yangu, vidole vikakimbilia swichi. Baba alinyoosha mkono uliokuwa kwenye nyuzi, akaufunika wangu, akauondoa pale.

Watu wote wakamsikia akimlilia dada yake. Yule mama jirani alivua kitambaa kichwani, akajifunika uso. Baba alilia hadi alipomaliza, akajifuta kwa mkono wa shati, akazirudia nyuzi, akamzika.