Malaria ya Wanawake wa Nyeri

Nilikuwa karani wa zahanati ndogo mjini Nyeri, kazi yangu kuandika daftari la wagonjwa. Miaka ya kwanza ya Uhuru, walioletwa kwa ulevi na bangi walikuwa wanaume, nami niliwaandika hivyo hivyo bila kupepesa macho. Baadaye wanawake nao wakaanza kuja, wengine kutoka Chaka na Endarasha, wamejitanda leso, mama zao nyuma. Mama mtu angeniinamia sikioni akiniomba nimsitiri binti yake, asije akakosa mume. Basi nikaandika malaria. Malaria, katika baridi ambayo mbu mwenyewe angetafuta sweta.

Nilijiona mwema sana. Mwanamume akilewa alisemwa wiki moja. Mwanamke alisemwa mpaka kwa wajukuu.

Kisha, miaka ya themanini, mdogo wangu wa kike akarudi nyumbani kutoka hoteli ya watalii alikofanya kazi. Alikuwa amekonda, halali usiku, pua inamtoka damu. Mgeni mmoja alimwonjesha kokeini, na tangu hapo hakuweza kuiacha. Nilimpenda mno yule mtoto. Ni mimi niliyembeba mgongoni mama akichuma kahawa. Nilimwogesha, nikampikia uji, na siku nilipompeleka zahanati nikamwandika naye malaria.

Mwezi huo akaja daktari kutoka Nairobi kupanga wodi ya waliozoea dawa za kulevya. Akapekua daftari langu, akasema vitanda vyote vitakuwa vya wanaume, maana wanawake wa huku, Mungu awabariki, mambo hayo hawayajui. Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi pale mlangoni, anatetemeka ndani ya koti langu. Kalamu yangu ndiyo iliyokuwa ikimnyima kitanda, na bado nilishindwa kufungua mdomo. Niliona haya kuliko yeye.

Akainuka mwenyewe, akaja mpaka mezani.

"Andika tu ile kitu iko, dada," akasema. "Mimi nataka kupona."

Nikapiga mstari juu ya malaria, nikaandika kokeini, machozi yananitoka. Daktari akarudia zile kurasa polepole, akazitazama malaria zote zile, asinigombeze. Akaniuliza tu wanawake wanahitaji vitanda vingapi. Nilianza kuhesabu kwa vidole, wa kwanza yeye, na vidole vya mikono yote miwili havikutosha.